Mkwaju wa Penalti na Moyo wa Mshabiki

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, katika uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, Stephane Aziz Ki wa Yanga alipiga shuti lililogonga mtambaa panya, likadunda chini karibu na mstari wa goli, kisha likarudi uwanjani. Mwamuzi Dahane Beida kutoka Mauritania hakuashiria bao, na waamuzi wa video hawakuubadili uamuzi huo. Mchezo ulimalizika bila kufungana, kama ulivyomalizika ule wa kwanza jijini Dar es Salaam, na Mamelodi Sundowns wakafuzu kuingia nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mikwaju ya penalti, 3 kwa 2. Kwa siku nyingi baadaye watu walichora mistari juu ya picha za televisheni, wakapima kivuli cha mpira, wakabishana kuhusu pembe ya kamera. Vijiwe vya kahawa viligeuka mahakama za rufaa. Wana Msimbazi, kama ilivyo ada ya watani wa jadi, walijitokeza kwa wingi kuwatetea waamuzi.

Makala hii haikusudii kuamua kama mpira ule ulivuka mstari. Wanaolijua jibu ni wengi mno, na kila mmoja analo la kwake. Tunachokitazama hapa ni kile kinachotokea ndani ya kifua cha mtu anayebishana, hasa mtu ambaye katika mfuko wa shati lake mna kadi ya kliniki ya shinikizo la damu.

Mwili wa mtu aliyekaa

Moyo wa mchezaji anayekimbia hudunda kwa kasi kwa sababu misuli yake inadai oksijeni. Kasi hiyo ina kazi ya kufanya. Shabiki aliyebanana na wenzake kwenye benchi la kibanda umiza, katika joto na moshi wa sigara, naye moyo wake hudunda kwa kasi, ilhali miguu yake imetulia. Ubongo wake umepokea habari ya hatari na umeziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini, na kotisoli hufuata nyuma. Mishipa midogo ya damu hujikaza, shinikizo hupanda, na chembe zinazogandisha damu huwa tayari zaidi kushikamana. Kwa kijana mwenye mishipa salama, dhoruba hiyo hupita bila kuacha alama. Kwa mtu ambaye ndani ya mishipa ya moyo wake mafuta yamejenga utando kwa miaka mingi, utando huo unaweza kupasuka, donge la damu likaganda juu ya ufa huo, na sehemu ya msuli wa moyo ikakosa damu. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Watafiti waliopima mate ya mashabiki wa Brazil wakati wa Kombe la Dunia la 2014, mashindano ambayo timu yao ilifungwa mabao 7 kwa 1 na Ujerumani, walikuta kiwango cha kotisoli kimepanda sana, na kilipanda zaidi kwa wale waliojiona kuwa wao na timu ni kitu kimoja. Mnazi wa timu, basi, hatii chumvi anaposema kwamba kufungwa kunamuuma mwilini. Kipimo kinamuunga mkono.

Penalti ina ukatili wake wa pekee. Bao la kawaida huingia kabla moyo haujapata nafasi ya kuogopa. Penalti huja kwa hatua: filimbi, mabishano, kusubiri waamuzi wa video, kuuweka mpira umbali wa mita 11, kipa kuyumba kwenye mstari, kisha kimya. Adhabu hii ilianzishwa mwaka 1891 kwa pendekezo la William McCrum, kipa kutoka kijiji cha Milford nchini Ireland, na wapo waliompinga kwa hoja kwamba waungwana hawawezi kufanya madhambi kwa makusudi. McCrum alikaa golini, akiwatazama waungwana hao wakimjia, na bila shaka aliwajua vizuri kuliko wapinzani wake.

Ushahidi wa Munich, na wa kwingineko

Utafiti unaotajwa zaidi katika uwanja huu ulichapishwa mwaka 2008. Madaktari wa Munich walichunguza taarifa za wagonjwa 4,279 waliohudumiwa kwa dharura za moyo katika eneo hilo, wakalinganisha siku za Kombe la Dunia la 2006 na siku zisizo na mashindano. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka mara 2.66. Kwa wanaume ongezeko lilikuwa mara 3.26, kwa wanawake mara 1.82. Kilele kilikuwa ndani ya saa mbili za kwanza tangu mchezo kuanza, yaani wakati watu bado wako mbele ya televisheni. Karibu nusu ya waliougua siku hizo, asilimia 47, walikuwa tayari wanajulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Katika siku za kawaida ilikuwa asilimia 29. Ujerumani ilipotolewa na Italia katika nusu fainali, ikabaki kugombea nafasi ya tatu na Ureno, ongezeko hilo halikuonekana tena. Moyo wa shabiki unajua kutofautisha mchezo wenye maana na ule wa kukamilisha ratiba.

Miaka minane kabla yake, tarehe 30 Juni 1998, Uingereza ilicheza na Argentina mjini Saint-Étienne. Ni vigumu kuutafuta mchezo uliojaa mabishano kuliko huo. Mabao mawili ya mwanzo yote yalikuwa ya penalti, na ile aliyopewa Michael Owen baada ya kuanguka bado inabishaniwa na Waargentina. Mwamuzi Kim Milton Nielsen wa Denmark alimtoa David Beckham kwa kadi nyekundu, kisha akalikataa bao la kichwa la Sol Campbell. Matokeo yalikuwa 2 kwa 2, na Uingereza ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Watafiti waliopitia kumbukumbu za hospitali walikuta kwamba waliolazwa kwa shambulio la moyo waliongezeka kwa asilimia 25 siku hiyo na siku mbili zilizofuata, na kwamba ongezeko hilo halikuonekana katika siku za mechi nyingine za Uingereza za mashindano hayo. Zile siku mbili zinastahili kuangaliwa. Mchezo ulikwisha usiku mmoja. Yaliyoendelea ni majuto, usingizi uliokatika, na mazungumzo.

Wafaransa walikuwa na bahati tofauti. Siku waliyotwaa kombe hilo hilo, tarehe 12 Julai 1998, vifo vya wanaume kutokana na shambulio la moyo vilipungua vikilinganishwa na siku zilizotangulia na zilizofuata. Nao watafiti wa Italia, walipochunguza Kombe la Dunia la 2002 na la 2006 pamoja na Kombe la Ulaya la 2004, hawakuona ongezeko lolote la wagonjwa wa moyo siku ambazo timu yao ilicheza. Kwa hiyo tusimwambie mgonjwa kwamba kandanda inaua. Ushahidi hauendi upande mmoja. Inavyoelekea, mchezo humpata mtu ambaye ugonjwa umekwisha kumwandaa: mwenye mishipa iliyoziba nusu, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye kisukari, mvutaji sigara. Tena humkuta akiwa amekesha, amekula vyakula vya chumvi, pengine amekunywa pombe, na vidonge vyake amevisahau nyumbani.

Kila mmoja na macho yake

Inashangaza jinsi watu wawili wenye akili timamu, waliotazama tukio moja kwenye runinga moja, wanavyoweza kuapa mambo mawili tofauti. Mara nyingi kila mmoja humwona mwenzake kuwa mwongo, na hapo ndipo hasira inapoota mizizi. Mwaka 1951 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Dartmouth na Princeton, vilicheza kandanda ya Kimarekani katika mchezo uliojaa ubabe. Nyota wa Princeton alivunjika pua, na mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile na kuwataka wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alihesabu alichokiona, na alichokiona kilikuwa kimechujwa na mapenzi yake kabla hakijafika kwenye fahamu.

Marudio ya polepole, ambayo wengi tunayaamini kama hakimu wa mwisho, nayo yana hila zake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba mtu anapotazama kitendo kwa mwendo wa polepole, huamini zaidi kwamba mtendaji alikusudia. Muda ukivutwa, beki huonekana kana kwamba alipata nafasi ya kufikiri, ingawa kwa kweli mpira ulimgonga mkononi kabla hajapepesa macho. Shabiki anayerudia kipande kimoja cha video mara ishirini kwenye simu, akisema "tazama, ameunawa makusudi," anajenga kesi kwa ushahidi uliokwisha kupindwa. Tena kila anaporudia, mwili wake nao hurudia sehemu ya msukosuko ule.

Waamuzi nao si mawe. Katika jaribio moja la Uingereza, waamuzi 40 wenye sifa walitazama matukio 47 ya mchezo wa Liverpool na Leicester, baadhi yao wakisikia kelele za uwanja na wengine wakitazama kimya kimya. Waliosikia kelele waliiadhibu timu ya nyumbani kwa makosa machache zaidi, kwa asilimia 15.5. Viwanja vilipofungwa kwa watazamaji wakati wa janga la UVIKO-19, upendeleo ule kwa wenyeji ulipungua. Anayedai kwamba mwamuzi alibebwa na jukwaa huenda anasema kweli. Anayedai kwamba mwamuzi alihongwa anahitaji ushahidi mwingine kabisa. Tofauti hiyo ni kubwa, na vijiweni mara nyingi hupotea.

Kuna gharama pia kwa anayepuliza filimbi. Mwaka 2023, baada ya fainali ya Ligi ya Europa mjini Budapest, ambapo Sevilla waliishinda Roma kwa penalti, Mwingereza Anthony Taylor alizongwa na mashabiki wenye hasira katika uwanja wa ndege akiwa na familia yake. Kosa lake machoni pao lilikuwa kuwanyima Roma penalti ya mpira walioamini kuwa ulinawa. Tutakutana na Taylor tena mbele kidogo.

Mabishano yanapovuka kiambaza

Tarehe 24 Mei 1964 mjini Lima, mwamuzi alikataa bao la kusawazisha la Peru dhidi ya Argentina. Watu wakaingia uwanjani, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, umati ukakimbilia ngazi ambazo milango yake ya chini ilikuwa imefungwa. Walikufa watu 328, wengi kwa kukosa hewa. Tarehe 1 Desemba 2024 mjini Nzérékoré, Guinea, vurugu zilianza kwa maamuzi ya mwamuzi yaliyopingwa, na hesabu rasmi ya serikali ilitaja vifo 56. Katika misiba ya namna hii, anayeua ni mlango uliofungwa na gesi iliyorushwa mahali pasipo na njia. Uamuzi wa refa huwa cheche tu. Madaktari wanaopangiwa zamu viwanjani wanapaswa kuuliza kuhusu milango kabla ya kuuliza kuhusu machela.

Upo pia uwanja mwingine usio na mwamuzi, nao ni nyumba. Katika mkoa wa Lancashire nchini Uingereza, taarifa za polisi za Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010 zilionyesha kwamba matukio ya ukatili wa majumbani yaliongezeka kwa asilimia 26 timu ya Uingereza iliposhinda au kutoka sare, na kwa asilimia 38 ilipofungwa. Mume anayerudi usiku akiwa amenyimwa penalti huwa na deni la hasira, na anayelipishwa ni mtu ambaye hakuutazama hata mchezo. Muuguzi wa mapokezi anayemwona mama mwenye jicho lililovimba asubuhi ya siku baada ya mechi kubwa asitosheke na jibu la "nilijigonga mlangoni."

Kwa mgonjwa

Ndugu msomaji mwenye presha au ugonjwa wa moyo, hatukukatazi kandanda. Kijiwe cha kahawa ni hazina. Kwa wazee wengi, hasa wajane na wastaafu, ubishi kuhusu penalti ndio mazungumzo marefu kuliko yote ya siku, na upweke ni adui wa moyo sawa na chumvi. Bisha, ila uwe umemeza dawa. Mchezo ukiwa saa tatu usiku na wewe humeza dawa saa mbili, meza kabla ya kutoka nyumbani, kwa maana ukisharudi na uchungu wa kufungwa hutakumbuka. Mechi kubwa zikiangukia mwezi wa Ramadhani, kama ilivyokuwa ile ya Pretoria, mwulize daktari mapema jinsi ya kupanga dawa kati ya futari na daku. Na kamwe usiache ghafla dawa zinazopunguza mapigo ya moyo kwa sababu tu unajisikia vizuri. Kuziacha ghafla kunaweza kuurudisha ugonjwa kwa ukali.

Jambo linaloua wengi ni kungoja. Maumivu au uzito katikati ya kifua unaosambaa kwenye bega, mkono wa kushoto au taya, jasho jembamba la baridi, pumzi kukatika, kichefuchefu: mtu huvihisi hivyo dakika ya 80, akasema ni hasira, akasema ngoja mpira uishe. Hakuna muda wa nyongeza kwa msuli wa moyo uliokosa damu. Kila dakika sehemu yake hufa. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili zinaweza kuwa hafifu zaidi, pengine uchovu wa ghafla na pumzi fupi tu bila maumivu makali. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakimkwama mtu ghafla katikati ya ubishi, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo, na dawa ya kuyeyusha donge la damu, mahali inapopatikana, ina nafasi ya saa nne na nusu tu tangu dalili zianze.

Kwa mhudumu

Kipimo cha presha kilichochukuliwa mlangoni, mgonjwa akiwa bado anasimulia jinsi walivyodhulumiwa, si kipimo. Mkalishe dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Hakikisha hajanywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine kabla ya kumpa jina la ugonjwa, isipokuwa imepanda kupita kiasi au ana dalili za hatari. Lakini pia usiipuuze kwa kusema ni mambo ya mpira. Presha inayopanda kila Yanga inapocheza huenda imepanda siku nyingine pia, siku ambazo hakuna aliyempima. Na swali la timu anayoshabikia, likiulizwa kwa ucheshi, humfungua mwanaume ambaye hajibu lolote kuhusu vidonge vyake.

Anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo, aliye na fahamu na asiye na mzio wala historia ya kutokwa damu, atafune aspirini miligramu 300 huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Mwenye dalili za kiharusi asipewe, kwa sababu bila picha ya ubongo hatujui kama mshipa umeziba au umepasuka.

Tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Mwamuzi alikuwa Anthony Taylor, yule yule. Alisimamisha mchezo na kuwaita madaktari ndani ya sekunde chache, bila kusubiri kujua kama ni kujiangusha. Eriksen alikandamizwa kifua, moyo wake ukashtuliwa kwa mashine, na baadaye alirudi kucheza. Katika vibanda vyetu mashine hiyo haipo, lakini mikono ipo. Mtu akianguka, haitiki, wala hapumui kama kawaida, mmoja apige simu na kutafuta gari. Mwingine amlaze chali mahali pagumu, aweke viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiachia kifua kirudi juu kila mara. Kazi hiyo huchosha haraka, kwa hiyo baada ya dakika 2 apokewe na mwenzake, wa timu yoyote ile, mpaka msaada ufike.